Kava za turubai kwa Land Cruiser ya safari: ipi inalinda siti, ipi inaila

Tuanze na hukumu, sababu zitafuata. Kwa Land Cruiser inayobeba watalii kwenye njia ya kaskazini, yaani Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kava ya siti inayostahili pesa ni ya turubai la pamba lililochanganywa na poliesta, uzito wa gramu 340 mpaka 410 kwa mita ya mraba, iliyoshonwa kwa kipimo cha siti yenyewe, na inayovuliwa na mtu mmoja bila spana. Sharti hilo la mwisho wengi hulisahau wanapoagiza, na ndilo linaloamua kama kava italinda siti au itaila.

Adui ni vumbi. Ukishapita lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami imekwisha, na kuelekea Naabi na Seronera, Serengeti, gari linatembea juu ya udongo uliotokana na majivu ya volkano. Chembe zake ni za madini, ngumu na zenye kona. Hupenya kitambaa chochote kinachopumua, hutulia kati ya kava na siti, kisha barabara yenye mawimbi huzisugua juu na chini kutwa nzima. Kava isiyovuliwa msimu mzima hugeuka msasa. Kwa juu inaonekana nzima kabisa. Ukiifunua unakuta kitambaa cha siti kimetoka manyoya, pembe zimechanika na sponji inamwaga unga wa njano. Mwenye gari humlaumu fundi au kitambaa, kumbe kosa ni la kutoivua.

Vitambaa vinavyouzwa

Turubai la pamba na poliesta ndilo tunalolipa alama za juu. Pamba ikilowa hutuna na kuziba matundu yake, kwa hiyo manyunyu yanayoingia paa likiwa limeinuliwa hayafiki upesi kwenye sponji. Ikikauka hufunguka na kupumua tena, ndiyo maana mgongo wa dereva hauwi chapachapa saa 8 mchana. Poliesta huongeza nguvu na hupunguza kunywea. Pamba tupu nayo ni nzuri, ila hunywea ikifuliwa mara ya kwanza na huota ukungu upesi ikikunjwa bichi.

Muuzaji wa vitambaa atakuambia kila jora ni "canvas original". Usibishane naye, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uzichome kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko huacha jivu lenye punje ngumu ndani yake. Uzito nao unapimika: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwenye mzani wa sonara, kisha zidisha mara 100. Gramu 3.4 kwenye mzani ni gramu 340 kwa mita ya mraba, sawa na turubai linaloandikwa aunsi 10, gramu 4.1 ni kama aunsi 12. Chini ya gramu 3 hicho ni kitambaa cha suruali. Juu ya 5 ni kitambaa cha hema: kigumu, hakikai vizuri kwenye mapindo ya siti, na cherehani nyingi za mtaani hurukaruka mishono zinapofika mahali penye tabaka nne.

Leza, ile ngozi bandia inayopatikana kila duka la vifaa vya magari, ina sifa moja kubwa: inafutika. Kwa gari la kupokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kuwashusha hoteli za mjini, au la familia yenye watoto wanaomwaga soda, leza inatosha na hatuoni haja ya kutafuta kingine. Porini mambo hubadilika. Leza ya PVC hulainishwa kiwandani kwa viambato vya mafuta, na joto la gari lililofungwa juani huvitoa taratibu. Kitambaa hukakamaa, na ufa huanzia kwenye matundu ya sindano. Leza ya PU, yenye mguso laini zaidi, ina ugonjwa mwingine: unyevu huivunja hadi ikabanduka maganda. Ukiishi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hiyo iache dukani.

Kisha kuna dawa ya wadudu. Dawa nyingi ambazo wageni hujipaka dhidi ya mbu na ndorobo zina kemikali iitwayo DEET, na DEET huyeyusha baadhi ya plastiki. Haiharibu pamba. Leza, vishikizo vya plastiki, rangi ya kupulizia kwenye dashibodi na vifuniko vya spika huviharibu. Alama ya mkono wa abiria iliyobaki kwenye leza kama imelambwa na moto mara nyingi ni DEET, na hakuna sabuni itakayoiondoa kwa kuwa uso wenyewe umekwishayeyuka. Kwa gari ambalo abiria sita wanajipulizia dawa huku madirisha yamefungwa, sababu hii peke yake inatosha kuchagua turubai.

Neoprini, kitambaa cha nguo za wapiga mbizi, hupendeza siku ya kwanza na huzuia maji vizuri. Hutunza joto na jasho, na jua huichakaza. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka baharini na kukaa kwenye siti akiwa amelowa. Kama kazi yako si hiyo, pita.

La mwisho ni turubai la lori, poliesta iliyopakwa PVC. Halipumui, linateleza, na linachoma mapaja. Nafasi yake ni juu ya keria, kufunika mizigo. Tunalitaja kwa sababu ukimwambia fundi "turubai" tu anaweza kukushonea hili, maana ndilo analolishona kila siku. Taja pamba, na uone jora kabla hajakata.

Kuhusu rangi, kaki, kijivu na kijani cha jani kavu huficha vumbi. Epuka bluu iliyokolea na nyeusi: mitego ya ndorobo hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo kwa kuwa zinawavuta, na gari linaloingia Tarangire huku paa limefunguliwa halihitaji kuwakaribisha zaidi.

Ya kununua au ya kushonesha?

Kuna kampuni zinazojulikana kwa kazi hii. Melvill & Moon na Escape Gear za Afrika Kusini, na Black Duck ya Australia, hushona kava za turubai kwa vipimo vya modeli moja moja. Ubora wao uko kwenye ukataji: kava inakaa kama ngozi ya siti, matundu ya mkanda na ya kichwa cha siti yako mahali pake, na mishono imekunjwa mara mbili. Kwa siti za mbele za Land Cruiser 76, 78 au 79 hutajuta, mradi uagize sawasawa. Safu ya 70 imekuwapo tangu 1984 na siti zake zimebadilika mara kadhaa. Baadhi ya magari yana siti ya dereva peke yake na benchi la watu wawili kando yake, mengine yana siti mbili zinazojitegemea. Vichwa vya siti vingine vinachomoka na vingine havichomoki. Tuma picha ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma pamoja na mwaka wa gari. Jina la modeli pekee halitoshi.

Tatizo linaanza nyuma. Siti za abiria kwenye gari la safari lililorefushwa chasisi na kuwekewa paa la kuinuka si za Toyota. Gereji iliyolibadilisha gari ndiyo iliyochomelea fremu, ikakata sponji na kuivika. Gereji mbili za mtaa mmoja hutoa siti mbili tofauti, na hata ndani ya gari moja siti ya mwisho inaweza kuwa nyembamba kwa sentimita 4 ili kupisha tairi. Hakuna kava ya dukani, ya ndani wala ya nje, itakayozikaa. Kava "za saizi zote" zenye lastiki pembeni ndizo mbaya kuliko zote: zinasogea, na kusogea ndiko kunakosaga.

Kwa hiyo jibu la haki kwa magari mengi ni mchanganyiko: mbele ununue ukipenda, nyuma ushoneshe. Au ushoneshe zote, kwa sababu fundi siti mzuri wa Arusha, Moshi au Nairobi ana mkono unaotosha. Anachokosa mara nyingi ni uzi unaofaa na mteja anayejua cha kuagiza.

Agizo la kumpa fundi

Kitambaa kwanza. Kwa jora la upana wa mita 1.5, siti moja yenye kichwa na mfuko wa nyuma hula mita 2 mpaka 2.5. Gari la siti mbili za mbele na sita za nyuma liwekee mita 18 hadi 20, na hapo umeshahesabu viraka vya nguvu. Nunua jora moja kwa wakati mmoja, maana jora la mwezi ujao halitakuwa na rangi ileile. Kama turubai halijawekewa dawa ya kuzuia maji, liloweke usiku kucha kwenye maji matupu kabla ya kukatwa, likauke kivulini. Fundi akiharakisha hatua hii, kava itanywea ukiifua na hutaweza kuirudisha kwenye siti bila kuchana mshono.

Uzi ndio unaokufa kabla ya kitambaa. Uzi wa cherehani ya nguo, tiketi namba 120, hukatika kwenye ukingo wa siti hata kama turubai ni imara kiasi gani. Agiza poliesta ya tiketi 40, au 20 kwa mishono inayobeba uzito. Namba ikipungua uzi unanenepa. Nailoni ina nguvu lakini jua huila upesi kuliko poliesta. Ukipata uzi wenye kiini cha poliesta uliovikwa pamba, uchukue bila kuuliza mara mbili: pamba yake hutuna na maji na kuziba tundu la sindano. Sindano iwe namba 18 au 20, na urefu wa mshono milimita 3 hadi 4. Mafundi wengine hubana mishono kufikia milimita 2 wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanatoboa kitambaa kama stempu za posta.

Viraka vya nguvu vinatakiwa sehemu tatu. Kwenye siti ya dereva ni ubavu wa kulia, upande wa mlango, ambako makalio husugua kila anaposhuka. Kiraka kianzie chini ya kalio na kipande sentimita 25 mgongoni. Kwenye siti za abiria ni ukingo wa mbele wa kikalio. Abiria husimama juu ya siti kuchungulia kupitia paa, na si wote wanaovua viatu. Soli yenye kokoto husaga ukingo ule kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari, kwa hiyo weka tabaka la pili la turubai lililokunjwa kuelekea chini, si lililoshonwa juu kama kiraka cha suruali, ambalo ncha zake huinuka na kunasa viatu. Sehemu ya tatu ni mfuko wa nyuma ya siti. Watu hutumbukiza lenzi za kilo mbili humo. Mshono wa juu wa mfuko uendelezwe hadi kwenye mshono wa pembeni wa kava ili uzito ubebwe na fremu, na pembe moja ya chini iachwe wazi sentimita moja. Vumbi na makombo vitashuka vyenyewe.

Kufunga: utepe wa poliesta wa milimita 25 unaopita chini ya siti na kukazwa kwa kishikizo. Lastiki hulegea mapema kwa joto. Velkro hujaa mbegu za nyasi na kuacha kushika. Zipu iwekwe nyuma tu, ya meno makubwa ya plastiki namba 8 au 10. Zipu ya kujisokota hukwama vumbi likiingia, na ya chuma huota kutu.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Angalia ubavu wa mgongo wa siti kama kuna lebo ya SRS AIRBAG. Ikiwapo, kava ya kawaida hairuhusiwi kufunika eneo hilo, kwa sababu eabegi itashindwa kupasua turubai au itatokea upande usio wake. Kava za kampuni kubwa huacha eneo hilo wazi au hulishona kwa uzi maalumu wa kukatika. Fundi wa mtaani alikate na kuliacha wazi. Na anapotaka kufungua siti, ambazo kwa kawaida hushikwa na bolti nne za namba 14, akikuta waya chini yake azime gari, atoe hasi ya betri na angoje angalau sekunde 90 kabla ya kuchomoa soketi yoyote.

Kupokea kazi nako kuna namna yake. Usiangalie kava ikiwa juu ya meza. Ivishwe, mtu mzima akae, anyanyuke, asogee kushoto na kulia mara kadhaa. Mstari wa mshono wa kati ukihama zaidi ya kidole kimoja, mrudishie. Kisha uivue mwenyewe. Kama huwezi kuivua na kuivisha ndani ya dakika tano, dereva wako hataivua kamwe.

Kuvua, kukung'uta, kufua

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, kava za gari linalofanya kazi zivuliwe kila baada ya safari. Zikung'utwe nje, siti ifyonzwe kwa mashine au ipigwe brashi kavu kuelekea mlangoni. Upepo wa kompresa ndiyo njia ya haraka inayopendwa na waosha magari, na ndiyo mbaya zaidi. Husukuma vumbi ndani ya sponji, kwenye reli za siti na ndani ya kikunjio cha mkanda. Reli zenyewe zisipakwe grisi. Grisi na majivu vikichanganyika vinakuwa dawa ya kusagia chuma. Tumia grafiti kavu au silikoni ya kupuliza.

Mkanda unaorudi kwa uvivu mara nyingi ni mchafu tu. Uvute wote, ubane kwa kibanio usirudi, uufute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, uache ukauke kabisa ndipo uuachie. Dawa ya kung'arisha nguo usiikaribishe, inadhoofisha nyuzi.

Turubai lililowekewa dawa ya kuzuia maji lifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya mche. Sabuni ya unga huondoa ile dawa, na baada ya mifuo michache tone la maji halisimami tena, linazama. Hapo inabidi kupaka dawa upya. Kava ivishwe ikiwa kavu kabisa. Siti iliyovikwa turubai bichi huota ukungu mahali usipopaona.

Sakafu

Hapa tutasema machache, kwa kuwa kanuni ni ileile. Mkeka wa mpira wenye kingo ndefu, uliotengenezwa kwa modeli yako, unashinda mkeka wa kukata kwa mkasi. Wa kukata huteleza, na ukiteleza upande wa dereva unaishia chini ya pedali ya breki. Uwe na ndoano mbili sakafuni au usiwekwe kabisa. Usipandishe mkeka juu ya mkeka.

Kilicho chini ya mkeka ndicho cha kuogopa. Maji ya mvua na tope la magadi kutoka Manyara, Eyasi au Natron hupita pembeni, huloweka sufi iliyo chini ya kapeti, na sufi hukaa bichi kwa wiki nyingi juu ya bati. Kutu huanzia hapo, na utaijua siku utakapoona barabara kupitia sakafu. Gari la kazi litolewe kapeti, liwekwe sakafu ya vinaili au mpira, na sufi ya kuzuia joto la gia iwe ya aina isiyonyonya maji. Vizibo vya mpira vilivyo sakafuni vitolewe wakati wa kuosha, kisha virudishwe na silikoni kidogo pembeni. Kisichofanywa ni kupiga maji ya presha ndani. Kompyuta ya eabegi mara nyingi iko katikati ya sakafu, chini ya konsoli, na haina kinga dhidi ya mpira wa maji wa fundi wa kuosha gari.

Kuzuia vumbi lisiingie

Kava bora kuliko zote ni raba ya mlango inayobana. Gari lenye mgongo wima kama 76 au 78 huacha nyuma yake eneo la hewa nyepesi, na hewa hiyo hunyonya vumbi kupitia kila ufa wa mlango wa nyuma. Pima kwa karatasi: iweke mlangoni, funga mlango, ivute. Ikitoka bila kukaza, raba pale imekufa au bawaba imeshuka. Kipimo cha pili ni kupaka unga wa chaki kwenye fremu, kufunga na kufungua. Mahali ambapo chaki haikuhamia kwenye raba ndipo vumbi linapopita. Mara nyingi dawa yake ni kurekebisha kitasa kwa milimita mbili, si kununua raba mpya. Raba zilishwe silikoni mara moja kwa mwezi. Mafuta ya petroli na grisi ya kawaida huzivimbisha.

Ukiwa barabarani, funga madirisha yote na paa, fungua tundu la hewa ya nje, na weka feni namba 2 au 3. Hewa ikijaa ndani kuliko nje, vumbi halipati njia. Dereva anayefungua dirisha lake nusu "apate upepo" analifanya gari zima linyonye vumbi kupitia mlango wa nyuma. Ukikaribia kupishana na lori, geuza hewa izunguke ndani mpaka wingu lipite, kisha rudisha. Kama gari halina chujio la hewa ya kabini, tarajia vumbi kidogo kupitia dashibodi. Bado ni afadhali kuliko kilo ya majivu kwenye buti.

Vifaa vya nje

Wauzaji wanapenda sana kukuuzia mifuko ya kufunika: ya winchi, ya jeki ndefu, ya madumu, ya spea tairi. Tathmini yetu si ya ukarimu. Kifuniko cha winchi kinafaa kama unatumia kamba ya sintetiki, kwa sababu jua na mchanga ndivyo vinavyoiua. Lakini kifuniko kilichofungwa juu ya kamba yenye tope hutunza unyevu na punje za mchanga. Baada ya kuvutana topeni, ikunjue yote isipokuwa mizunguko 8 hadi 10 ya mwisho, isuuze kwenye ndoo ya maji matupu, ikauke, ndipo uikunje kwa mvuto. Kamba ya sintetiki isipitishwe kwenye rola ambazo waya wa chuma umeshazichubua, kwa kuwa mikwaruzo ile ni visu. Badilisha na mdomo wa aluminiamu laini.

Mfuko wa jeki una maana: meno na pini za jeki ndefu zikijaa vumbi hazishiki, na jeki isiyoshika huangusha gari. Funika kichwa chake tu, osha kwa brashi na dizeli kidogo, kisha mafuta mepesi. Mfuko wa madumu hatuupendi. Dumu la chuma linalocheza ndani ya mfuko husagwa na vumbi lililomo mpaka rangi inatoka, kutu inaanza, na hujui kwa kuwa limefunikwa. Libane lisicheze, liache lionekane. Mikanda ya kubania mizigo inapokutana na kona ya keria ivalishwe kipande cha mpira wa bomba la maji uliopasuliwa kwa urefu, na kipande hicho kiwe kinatoka ili kioshwe.

Keria ya aluminiamu na bolti za chuma zitenganishwe kwa washa za plastiki. Magadi ni alkali, na alkali hula aluminiamu. Chuma kikigusana nayo huku kuna unyevu, uharibifu huongezeka. Chora mstari kwa makapeni kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Jioni utaona kwa jicho ni nati ipi imezunguka, bila kushika spana.

Msimu ukifungwa kwa mvua za Machi hadi Mei na gari likiegeshwa, vua kava zote, zifue, zikaushe na uzitundike kwenye kamba ndani ya stoo. Zikikunjwa ndani ya gari zitapata ukungu, na panya hupenda pamba. Acha madirisha yamefunguka upana wa kidole kama gari liko chini ya banda, inua mikeka, na weka kando mabaki ya turubai lilelile pamoja na kipande cha uzi wake. Kabla ya Juni fundi atahitaji vyote viwili kwa ajili ya ukingo wa siti za abiria.